Shirika la ngazi ya wilaya linastahili kupokea michango ya mtandaoni kutoka Marekani?

Mratibu_Ruvuma

Habari za kazi wadau. Naomba mwongozo wa wanaoijua kazi hii.

Shirika letu liko mkoani Ruvuma, tunajenga vyoo na visima vifupi katika shule za msingi. Tulisajiliwa mwaka 2021 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ngazi ya wilaya. TIN tunayo, akaunti ya benki iko kwa jina la shirika, na kwa Msajili hatudaiwi ada wala taarifa ya mwaka. Ndugu walioko Minnesota na Texas wanataka kuchangia kwa kadi, na wangependa kupata risiti inayotambulika kwenye kodi ya kwao. Tumeitazama GlobalGiving, jukwaa la Marekani la kuchangishia mashirika mtandaoni. Maswali yetu:

1. Ni lazima tusajiliwe Marekani kwanza?
2. Hesabu zetu zipo ila hazijakaguliwa na mkaguzi wa nje. Tutakataliwa?
3. Bodi ina watu watano, wawili kati yao ni mke na mume. Ni tatizo?
4. Shangazi mmoja kule anapendekeza afungue ukurasa wa GoFundMe kwa jina lake, kisha atutumie. Kuna ubaya?
5. Msamaha wa kodi wa TRA ni sharti?

kalamu_ya_sheria

Swali la kwanza: hapana. Ukielewa sababu yake, mengine mengi yatajijibu.

Ndugu yako wa Minnesota akichangia kwa kadi, kisheria hajakupa wewe. Amelipa taasisi ya hisani ya Marekani yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani inayotambuliwa na sheria ya kodi ya kule, ambayo ndiyo mwenye jukwaa, na risiti yake inatoka huko. Baada ya hapo taasisi hiyo, kwa uamuzi wake yenyewe, inakupa ruzuku. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haikubali taasisi ya kwao igeuzwe bomba la kupitishia hela kwenda nje. Waraka wake wa mwaka 1963, Rev. Rul. 63-252, unataka taasisi iwe na udhibiti na hiari juu ya fedha, la sivyo mchangiaji hapati nafuu ya kodi. Kwa hiyo wanapokuomba karatasi nyingi si kwamba wanakushuku. Wanajaza jalada lao, ili wakiulizwa waoneshe kwamba walimjua waliyempa: ni shirika halali, kazi yake ni ya manufaa ya umma, hakuna mtu binafsi anayegawana mali yake, viongozi wake hawamo kwenye orodha za vikwazo, na fedha zilizotangulia zilikwenda zilikopangiwa.

Ngazi ya wilaya haikuzuii. Cheti cha Msajili wa NGO ni kilekile kisheria, kinachotofautiana ni eneo la kazi tu. Hakikisha mradi utakaouweka mtandaoni uko ndani ya wilaya iliyoandikwa kwenye cheti. Shirika la wilaya likiomba fedha za visima vya mkoa mzima, mchujaji makini, yaani mtu wa jukwaa anayekagua maombi, ataiona tofauti hiyo, na Msajili naye ana haki ya kuuliza. Wanaokwama kweli ni wenye cheti cha kikundi cha halmashauri peke yake, kwa sababu mara nyingi katiba yao inaruhusu wanachama kugawana faida au kukopeshana. Hiyo ni VICOBA, na ni jambo jema, ila si shirika la hisani.

Msiweke kwenye maombi mahubiri ya dini wala kampeni ya chama cha siasa. Shirika la kanisa au la msikiti linaweza kukubaliwa kama huduma yake ni ya watu wote na haina sharti la imani.

Swali la nne. GoFundMe, tovuti ya watu binafsi kuchangisha, inataka anayepokea fedha zilizochangwa awe mkazi wa nchi inazozihudumia na mwenye akaunti ya benki huko, na Tanzania haimo. Shangazi akifungua ukurasa, fedha zinaingia kwa jina lake, kwenye akaunti yake, na maelezo kwa watu wa kodi ni juu yake. Wachangiaji hawapati risiti ya hisani, maana wamempa mtu binafsi. Kwenu nanyi fedha zitaingia kama zimetoka kwa mtu mmoja. Kwa dharura ya familia njia hiyo inafaa. Kwa shirika linalotaka kukua, inawanyima kumbukumbu ya wachangiaji wenu, na hiyo ni hasara kubwa kuliko mnavyodhani.

mhasibu_wa_asasi

Nijibu la hesabu. Shirika dogo huwa halikataliwi kwa kukosa mkaguzi wa nje. Linakwama kwa hesabu zisizofungana. (Masharti ya ukaguzi ya Msajili ni jambo jingine, hayo yafuateni yalivyo.)

Andaeni miaka 2 iliyopita, kila mwaka kwa ukurasa wake: mapato kwa chanzo, matumizi kwa aina, salio la kuanzia, salio la kufungia, jina la mweka hazina na la mwenyekiti, sahihi, tarehe, mhuri. Kisha fanyeni jaribio analoanza nalo mchujaji yeyote: salio la kufungia la mwaka wa kwanza ni sawasawa na salio la kuanzia la mwaka wa pili? Kisha salio hilo mliweke kando ya taarifa ya benki ya tarehe 31 Desemba. Mfano wa kawaida kabisa: hesabu zinasema 4,315,000, benki inasema 4,298,500. Tofauti ya 16,500 ni makato ya benki ambayo hayakuandikwa kwenye daftari. Msifiche wala msizungushe tarakimu. Wekeni mstari wa "makato ya benki", au ukurasa mmoja wa ulinganisho unaoonesha tofauti ilipotoka. Shilingi 16,500 isiyoelezwa inaweza kurudisha maombi yote, kwa sababu inaonesha hakuna anayelinganisha daftari na benki kila mwezi.

Jambo la pili linaloleta kesi ni fedha taslimu. Kama milioni 3 zilitolewa benki siku moja na kuandikwa "gharama za mradi", tafuteni hati za malipo na risiti za mafundi sasa hivi, kabla hamjaulizwa.

Katiba isomeni upya, mkitafuta vifungu vitatu. Cha kwanza, kwamba mapato na mali vitatumika kwa malengo ya shirika tu na havitagawanywa kwa wanachama. Cha pili, mgongano wa maslahi. Cha tatu ndicho kinachokosekana mara nyingi, kuvunjwa kwa shirika. Katiba nyingi zinasema "mali itagawanywa kwa wanachama" au hazisemi lolote. Maneno yanayotosha ni haya: "Shirika likivunjwa, mali yote itakayobaki baada ya kulipa madeni itakabidhiwa kwa shirika lingine lisilo la faida lenye malengo yanayofanana, na hakuna sehemu yake itakayokwenda kwa mwanachama, mjumbe wa bodi au mfanyakazi." Mkiyaongeza, pitisheni kwenye mkutano mkuu kwa idadi ya kura inayotakiwa na katiba yenyewe, andikeni muhtasari, kisha pelekeni marekebisho kwa Msajili. Katiba iliyorekebishwa kwenye kompyuta bila kufika kwa Msajili ni karatasi tu.

Kama katiba iko kwa Kiswahili, andaeni tafsiri kamili ya Kiingereza, kifungu kwa kifungu, namba zilezile, na jina na sahihi ya mtafsiri. Muhtasari wa ukurasa mmoja hautoshi, maana wanachotafuta ni vifungu hivyo vitatu.

fedha_za_nje

Kwenye benki ndiko fedha zilizokwishapatikana hugeuzwa njiani.

Nafasi ya jina la mpokeaji kwenye malipo ya SWIFT (mtandao wa benki wa kutumiana fedha kimataifa) ina kikomo cha herufi. Mashirika yetu yana majina marefu, na neno la mwisho, ambalo mara nyingi ni jina la wilaya, hukatwa au kufupishwa. Benki ikiona jina lililokatwa halilingani na la akaunti, inazuia au inarudisha, na makato hamrudishiwi. Nendeni tawini mkaombe barua rasmi yenye jina la akaunti kama linavyosomeka kwenye mfumo wao, namba ya akaunti, tawi, msimbo wa SWIFT, na benki ya kati wanayoitumia kupitishia dola. Jazeni fomu ya jukwaa kwa kunakili barua hiyo herufi kwa herufi. Msinakili kutoka kwenye kadi ya benki wala kutoka kichwani.

Kisha wekeni mezani pamoja cheti cha usajili, TIN, barua ya benki na ukurasa wa kwanza wa katiba. Jina liwe moja. "na" kwenye cheti lakini "&" benki ni tofauti. Kifupisho benki lakini jina kamili kwenye cheti ni tofauti. Kurekebisha jina benki ni barua yenye sahihi za waweka sahihi pamoja na nakala ya cheti. Kurekebisha cheti ni safari ndefu zaidi, kwa hiyo rekebisheni upande wa benki.

Ulizeni pia makato ya njiani yanalipwa na nani. Malipo yakitumwa kwa SHA (makato mnagawana na mtumaji) au BEN (makato yote ni juu yenu), mtapokea pungufu, na ripoti yenu ya fedha ioneshe pengo hilo kama gharama ya kupokea. GlobalGiving hulipa kwa mkupuo wa kila mwezi, hivyo michango midogo midogo hukusanyika kwanza, na hilo linawasaidia: kutuma dola 60 peke yake kwa njia ya benki ni kuzimaliza kwa makato.

La mwisho ni majina ya watu. Kila mjumbe wa bodi hupitishwa kwenye orodha ya vikwazo ya OFAC, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vikwazo. Majina yetu ya pwani na ya Kiislamu yanafanana na ya watu wengi duniani, hivyo jina moja au mawili huleta mfanano wa uongo. Toeni majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na tarehe ya kuzaliwa. Kama kitambulisho kinasema Khamis, orodha ya bodi isiseme Hamisi.

mdau_Dodoma

Upande wa nyumbani nao, wadau. Kukubaliwa na jukwaa la nje hakukuondolei wajibu hapa.

Kanuni za mwaka 2018 za Sheria ya NGO zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kwenye michango ya mtandaoni hakuna mkataba mmoja wa kiasi maalum. Kuna makubaliano na jukwaa, na fedha zinakuja kidogo kidogo. Msijifasirie wenyewe. Pelekeni makubaliano hayo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, ambaye ndiye Msajili Msaidizi, mwambieni kwa maandishi jumla mnayotarajia kwa mwaka, mpate jibu kwa maandishi. Barua yenye mhuri wa kupokelewa ni kinga yenu.

TRA: cheti cha Msajili hakiwapi msamaha wa kodi. Kutambuliwa kama shirika la hisani kunatokana na uamuzi wa Kamishna chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na anaangalia kama kazi yenu ni kupunguza umaskini au dhiki ya umma, elimu, afya, maji na kadhalika. Vyoo na visima vya shule vinaingia vizuri. Uamuzi huo si sharti la kila jukwaa, ila ukiwepo jalada linakuwa zito. Na hata ukiwepo, PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi, inakatwa, na ritani zinawasilishwa.

Walioko Zanzibar wasifuate haya kama yalivyo. Sheria ya NGO ya 2002 ni ya Bara, Zanzibar ina msajili wake.

Mratibu_Ruvuma

Asanteni sana, haya ni madini. Katiba yetu kweli haina kifungu cha kuvunjwa, tunaitisha mkutano mkuu.

Bado mawili. Lile la mke na mume. Na tumesikia kwamba GlobalGiving ina jaribio la kupata wachangiaji 40. Ndugu kule wana chama chao, wanaweza kukusanya kwa mweka hazina wao, akalipa mara moja?

mkusanyaji

Jaribio lipo, linaitwa Accelerator. Kwa miaka mingi kipimo chake kilikuwa dola 5,000 kutoka kwa wachangiaji tofauti wasiopungua 40, ndani ya kampeni moja. Tangazo la raundi yenu ndilo la kufuata kwa kiwango na tarehe.

Mweka hazina akilipa mara moja mtahesabiwa mchangiaji 1. Dola 5,000 mnaweza kuzipata, hao 39 waliobaki hamna. Kinachopimwa ni upana wa watu wanaowaamini, wala si ukubwa wa mfuko. Kwa hiyo kila mtu alipe kwa kadi yake, barua pepe yake, risiti yake. Na hapo pana mtego: baadhi ya mashirika hugawa fedha zao wenyewe kwa marafiki ili wazichangie zirudi. Kadi moja chini ya majina kumi, au michango inayolingana iliyoingia dakika zilezile, huonekana mara moja kwenye mfumo, na adhabu yake ni kuondolewa. Msiuguse mchezo huo.

Hesabu ya kufikia 40 ianze na orodha. Andikeni majina 120 ya watu halisi wenye kadi inayokubali malipo ya kimataifa. Kila jina liwe na mtu mmoja wa bodi anayemfuatilia kwa simu au WhatsApp. Ujumbe wa kundi hauchangishi, watu husoma wakapita. Ombeni kiasi mahsusi chenye maana, kwa bei zenu za kweli: mlango wa choo, mifuko ya saruji, bomba la kisima. Waambieni wa Tanzania wafungue malipo ya mtandaoni kwenye kadi zao kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu kadi nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa, na mtu akikataliwa mara mbili harudi tena.

Ukurasa wa mradi: shule gani, wanafunzi wangapi kwa tundu moja la choo leo, mnataka wawe wangapi, gharama ya kila tundu. Picha za watoto ziwe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, na majukwaa nayo yana masharti yao. Msiandike jina kamili la mtoto pamoja na jina la shule yake.

Mkishafaulu, kuna ripoti kila baada ya miezi 3, nayo hutumwa kwa kila aliyechangia. Ripoti ikichelewa mradi hufichwa. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo, na kalenda yake ibandikwe ukutani ofisini.

Otis_Kisumu

Niongeze kwa wasomaji wa Kenya, maana mambo yamebadilika huku. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika rasmi tarehe 14 Mei 2024, na ile Bodi ya Uratibu wa NGO nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka mpya. Ukipeleka cheti cha zamani bila maelezo, mchujaji wa ng'ambo atakitafuta kwenye rejista mpya asikione. Ambatanisha barua ya hali ya usajili kutoka kwa Mamlaka. Vikundi vya kijamii viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ambayo ni rejista nyingine kabisa. Msamaha wa kodi wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, una kanuni zake mpya za 2024, na cheti chake kina muda wa kwisha, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kukipakia.

wa_Minneapolis

Mratibu, huko kwenye chama chenu cha ndugu patatokea mtu atakayesema "tufungue 501(c)(3) yetu hapa tumalize kazi". Inawezekana, ila wajue uzito wake.

Hadhi hiyo huombwa IRS kwa fomu: ada ya Fomu fupi ya 1023-EZ ni dola 275, ile ndefu ya 1023 ni dola 600. EZ ni ya wanaotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi dola 250,000, na shirika lililoundwa kwa sheria za nje au lenye anwani ya nje haliruhusiwi kuitumia. Ninyi wa Ruvuma hamuwezi kuijaza. Chama cha hapa kilichosajiliwa jimboni kinaweza. Lakini chama hicho lazima kiwe na bodi inayoamua kweli, yenye mihtasari inayoonesha ilipokea ombi, ikalijadili, ikaidhinisha, ikapokea ripoti. Kikiwa ni jina tu la kupitishia hela, tunarudi kwenye ule waraka wa 1963.

Kila mwaka kuna taarifa kwa IRS. Chama kidogo kinawasilisha taarifa fupi iitwayo 990-N kwa mtandao, kazi ya dakika chache. Kikikosa miaka 3 mfululizo, hadhi inafutwa yenyewe, na jina linatoka kwenye orodha ambayo majukwaa yote yanaitazama. Hapo ndipo vyama vingi vya diaspora hufia. Tangu Januari 2023 California ina sheria inayoyabana majukwaa yenyewe yasichangishe kwa ajili ya shirika lisilo na hadhi nzuri, hivyo kosa la karatasi jimboni linaweza kuuzima ukurasa wenu hata kama IRS haina neno.

Kwa michango ya watu 40 au 100, jukwaa lenye 501(c)(3) yake linatosha. Fikirieni chama chenu wenyewe pale kutakapokuwa na watu watatu kule walio tayari kubeba makaratasi kwa miaka mitano.

mhasibu_wa_asasi

Mke na mume sasa. Wawili kati ya watano si marufuku kwa majukwaa mengi, ila wataulizia mambo mawili: nani anasaini benki, na nani anaidhinisha malipo. Wanandoa wasiwe wote waweka sahihi. Mmoja asiwe mwenyekiti huku mwenzake ni mkurugenzi au mweka hazina, kwa sababu hapo anayeomba malipo na anayeyapitisha wanalala nyumba moja. Kama ndivyo ilivyo kwenu, badilisheni waweka sahihi kwanza. Hilo ni kikao kimoja cha bodi na barua moja benki. Kisha ongezeni wajumbe wawili wasio ndugu, kama katiba yenu inaruhusu idadi hiyo. Mwalimu mkuu mstaafu na muuguzi wa zahanati ni mfano mzuri.

Kwenye jambo lolote linalomgusa mmoja wao, mshahara, kukodisha gari lake, kununua mchanga kwake, muhtasari uandike waziwazi: "Ndugu fulani na mwenzi wake walitoka kikaoni saa 4:20, wajumbe watatu waliobaki walilinganisha bei tatu, wakaamua." Akidi ihesabiwe kwa waliobaki, siyo kwa waliotoka. Muhtasari wa namna hiyo upakieni bila kuombwa, pamoja na sera ya mgongano wa maslahi iliyosainiwa na wajumbe wote.